Pingamizi la Mama Kufuli

Majirani walimwita Mama Kufuli kwa sababu nyumbani kwake kila kitu kilifungwa, kuanzia geti hadi kabati la vikombe. Kwa hiyo halmashauri ilipotangaza kwamba kile kiwanja cha wazi nyuma ya nyumba zao kitabadilishwa matumizi, yajengwe maghorofa ya kupangisha, watu hawakuhangaika kutafuta mwenyekiti wa kamati ya kupinga.

Alikubali papo hapo. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana kabla ya kustaafu, na tangu hapo alikosa watu wa kutosha wa kuwaamrisha. Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja na sebule. Chumbani alilala yeye. Sebuleni walilala mwanawe, fundi wa majokofu, mke wa mwanawe, ambaye alikuwa nesi, na wajukuu wawili.

Kamati nayo ilikutania sebuleni. Wajumbe walikalia godoro la familia, likiwa limekunjwa na kufunikwa shuka. Muuza magodoro, aliyekuwa katibu, alilibonyeza kwa kiganja na kusema limekwisha. Kisha wakaendelea na ajenda ya watu kubanana mtaani.

Siku moja kabla ya mkutano wa halmashauri, Nesi alikuwa akipiga pasi bango la kitambaa la kamati.

"Mama, hapa mmeandika hamtaki wageni. Wageni gani?"

"Watakaohamia."

"Ni kina nani hao?"

"Nitawajuaje, na hawajahamia?"

Nesi akaligeuza bango, akapiga pasi upande wa pili.

Ukumbi ulifurika. Mama Kufuli alisimama mbele ya afisa mipango miji akazungumza bila kumeza mate. Maji yatapungua. Majitaka yatafurika. Jua la kuanikia nguo litazibwa, na watu wasiojulikana watachungulia nyua za wenzao kutoka juu. Alipigiwa makofi mpaka afisa akaomba utulivu.

"Kuna mwingine?" afisa akauliza.

Mkono ukanyooka nyuma kabisa. Alikuwa Nesi, bado na sare ya kazini. Mumewe, aliyekaa pembeni yake, akaanza kuangalia viatu vyake.

"Mimi naunga mkono nyumba zijengwe," alisema. "Huyu aliyetoka kuzungumza ni mama mkwe wangu. Amenipokea vizuri na sina la kumlaumu. Lakini tunalala wanne sebuleni. Nikitoka zamu ya usiku nalala chini ya meza ya chakula, nyuma ya kitambaa chake kinachofika sakafuni, maana hapo ndipo hapapitiki. Tumetafuta chumba cha kupanga mtaa mzima, hakuna. Zikijengwa, hao wageni ni sisi."

Akakaa.

Muuza magodoro alimwinamia mwenyekiti wake. "Ulijua?"

"Ningejua ningempa bango apige pasi?"

Walirudi nyumbani pamoja, kwa kuwa nyumba ni moja. Fundi alitangulia mbele, akijifanya ana haraka. Walipofika kwenye kona, Mama Kufuli alimgeukia Nesi.

"Chini ya meza?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Nikiamka, kamati imeshakaa."

Mama Kufuli akapunguza mwendo. Bwenini alikuwa akipita kitanda hadi kitanda na tochi, akimulika kila msichana, na aliyekosa blanketi alipelekewa la kwake. Mke wa mwanawe alikuwa akilala sakafuni hatua chache kutoka mlangoni kwake, naye Mama Kufuli alidhani ile mito chini ya meza imewekwa hapo kupunguza vurugu. Alipangusa macho kwa ncha ya khanga. Alisema tu kwamba barabara ile ina vumbi.

Kesho yake alikwenda kwa afisa mipango miji. Hakufuta pingamizi; alilibadilisha. Nyumba zijengwe, ila zisizidi ghorofa tatu, bomba la majitaka lipanuliwe kwanza, na wakazi wa mtaa wapewe nafasi kabla ya wengine. Kamati ilimwita msaliti. Muuza magodoro alijiuzulu kwa hasira, akakaa nyumbani wiki nzima, halafu akawaza vyumba vyote vile vitahitaji magodoro mangapi, akarudi kwenye ukatibu.

Halmashauri ilipitisha ghorofa nne. Bomba lilipanuliwa baada ya kufurika mara moja, mbele ya diwani.

Nesi na mumewe walipata nyumba ya ghorofa ya pili. Siku ya kwanza Mama Kufuli aliikagua yote, akatia kidole juu ya fremu za milango, akasema rangi imepakwa na mtu mwenye usingizi. Halafu akaomba aonyeshwe chumba cha mkwewe. Aliketi kitandani, akakibonyeza.

"Lala," alimwambia Nesi. "Watoto niachie mimi."

Nesi akalala na sare yake. Mama Kufuli akawapeleka wajukuu jikoni, akawakalisha, akawaambia atakayepiga kelele atamjua yeye ni nani. Hakuwahi kusema neno zuri juu ya nyumba zile, wala hakuacha kwenda.