Mapipa ya Mama Nassibu

Mapipa matatu ya maji yalikaa uani kwa Mama Nassibu, Temeke, na nyumba nzima iliishi kana kwamba yanajijaza yenyewe.

Aliyeyajaza ni Demetria. Alikuja kutoka kusini, msichana asiye na mume, akapata kibarua cha kuchambua sufi kwenye ghala la Kurasini. Mama Nassibu alimpangisha chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Jioni alikaa pale akitafuna muhogo wake, akaona mji huu una nafasi yake.

Lilianza debe moja la Mama Nassibu. "Demetria mwanangu, nipitie bombani, wewe huna wa kumpikia." Likaja la pili. Mwishowe wake za watu wote waliopanga humo wakawa wanalala mpaka jua lichomoze. Akilalamika wanacheka: "Huna mume, huna mtoto, unachoshwa na nini?"

Akavumilia, maana dirisha alikuwa nalo. Hata siku moja akarudi kutoka kazini, akakuta kitanda chake kwenye banda la kuku.

"Shikamoo mama. Chumba changu je?"

"Marahaba. Nimempa mtu na mkewe. Wale wawili, wewe mmoja. Mtu mmoja dirisha atalifanyia nini?"

Demetria alifagia mavi ya kuku, akalala. Asubuhi akayajaza mapipa pomoni, kisha akaanza kutafuta chumba.

Alikipata mtaa wa pili, kwa mjane aitwaye Yuliana, aliyempa masharti palepale mlangoni: "Hapa kila mtu na debe lake na ufunguo wake. Ukiumwa, gonga ukuta. Usipoumwa, mie sikuulizi kitu."

"Nitahamia Jumamosi, siku Mama Nassibu anayomwoza bintiye."

Yuliana, aliyezoea kumwona akipita na madebe ya nyumba ile, alimtazama, akaangua kicheko. "Wee mtoto una roho mbaya! Haya, njoo."

Jumamosi alfajiri Demetria alihama na kitanda chake. Alimwachia bibi harusi debe moja la kuogea, maana yule hakuwahi kumtuma. Mapipa hakuyagusa. Wapishi wakayakomba kwa mchele na nyama, na hakuna aliyechungulia ndani. Adhuhuri bomba la mtaa likafungwa mpaka alasiri, kama kila siku. Demetria alilijua hilo. Wenzake walishasahau hata njia ya bombani.

Masinia ya pilau yalipotoka, Demetria aliingia na kanga mpya, akakaa katikati ya wanawake, akanyoosha mkono.

"Tunawisheni wageni jamani, pilau inapoa!"

Mama Nassibu akamwinamia, dhahabu zikimning'inia. "Demetria, mapipa matupu!"

"Masikini! Poleni."

"Kimbia basi mwanangu, omba hata kwa jirani."

"Mie leo mgeni, mama. Tena niko mmoja. Nyumba yako imejaa wake za watu. Mtu mmoja atawatosha wapi wote hawa?"

Wanawake wakaziba midomo kwa kanga. Mama Nassibu akajitwika debe mwenyewe, na hariri yake, akatoka kupiga hodi mlango hadi mlango.

Kwa Yuliana, katika chumba kipya cha Demetria, chini ya dirisha la barabarani, lilikuwapo debe limejaa. Ufunguo wa chumba hicho ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga ya Demetria. Aliupapasa, akalikaza fundo, mkono wa kulia bado kaunyoosha, anangoja kunawishwa.