Siku ya Kumpumzisha Jumbo

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe mara moja, halafu kikanyamaza. Nje bado giza. Nilijua ni Lévi, mume wangu, anakoroga chai bila kuwasha taa ili asituamshe, mimi na binti yetu Kétsia. Nilijua pia kwamba sukari ilikwisha tangu juzi, kwa hiyo alikuwa anakoroga majani na maji tu, kwa mazoea ya mkono. Nilitaka kucheka. Badala yake nilivuta blanketi nikajifanya nimelala, maana mke akimwambia mume "usiende" kabla jua halijatoka, neno hilo mume hulibeba siku nzima kama jiwe ndani ya kiatu.

Lévi alikuwa mtu wa mizigo katika ndege ya Mama Kavira. Alipanga magunia ya mawe ya madini yaliyobebwa mgongoni kutoka machimbo ya Bisie, akayafunga kamba, kisha akakaa juu yake mpaka Goma, na kurudi na chumvi, sabuni na dawa. Mwaka ule vita vilikuwa vimekata barabara. Kutoka kwetu Walikale kwenda Masisi, na kutoka Masisi kushuka Goma, kila kilima kilikuwa na wenyewe, na wenyewe walibadilika kila juma. Basi tuliishi kwa ndege. Na ndege, kwa kukosa uwanja, ilitua barabarani, kwenye kipande kimoja cha lami kilichonyooka katikati ya msitu. Ikisikika kwa mbali, askari wanafunga kizuizi, pikipiki zinaingia majanini, mbuzi wanafukuzwa, na mimi ninasimama mwisho wa lami na mti mrefu wenye kitambaa chekundu, nusu ya kitenge changu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kitambaa kikiwa juu, rubani anausoma upepo. Kikilazwa chini barabarani, maana yake usitue, usiruke, ngoja. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu ya masomo ya jioni parokiani. Mwalimu wetu Joséphine-Marie alimwambia Mama Kavira: huyu mama kijana aliyekuja kutoka Kirolirwe anajua kusoma, na hasemi uongo.

Ndege yenyewe tuliiita Jumbo. Kuna mtu aliyetoka Goma akatuambia kwamba Ulaya kuna ndege zenye ghorofa zinazoitwa hivyo, na kwamba zikizeeka wakubwa wa makampuni wanakaa mezani kubishana: tuzipumzishe sasa, ao tungoje mwaka mwingine? Ya kwetu haikuwa na ghorofa. Ilikuwa na mapanga mawili ya kuzunguka, mlango uliofungwa kwa kamba, na tumbo lenye viraka kama sufuria ya kuazima msibani. Ilikuwa imetumika katika nchi tatu kabla Mama Kavira hajainunua, na kila nchi iliipaka jina jipya, naye akaongeza lake. Ukiikaribia uliona herufi za zamani chini ya rangi, hafifu, kama mtu mzima anayeota katika lugha ya utoto wake.

Nilimpenda Jumbo. Uchungu wa kumzaa Kétsia ulipokwama, ni yeye aliyenibeba, nimelazwa juu ya magunia, mkono wangu ndani ya mkono wa Lévi. Kupitia dirisha niliona mawingu, na katikati ya mawingu malisho ya Masisi, kijani kibichi, na ng'ombe wadogo kama mchele uliomwagika. Nilidhani nimekwisha kufa na kwamba kufa si kubaya. Kumbe jioni nilikuwa na mtoto kifuani.

Lakini tangu mvua za Machi kitu kilibadilika. Kina mama wa soko walianza kumwimbia Jumbo. Magurudumu yakigusa lami, vigelegele vinapanda, makofi, wimbo, watoto wanakimbia pembeni ya bawa. Mama Kavira, mfanyabiashara wa Butembo asiyecheka ovyo, alikuwa anasimama chini ya mwavuli wake akipokea wimbo ule kama askofu.

"Umesikia leo?" Lévi aliniambia siku moja. "Walipiga makofi mpaka rubani wetu, Commandant Archange, akatoa kofia! Hata waziri hapokelewi hivi."

Nami nilifurahi pamoja naye. Mpaka jioni ile alipokuwa anamsimulia Kétsia habari za nyumbani kwao. Kwao ni wawindaji, na mbwa wao huvaa kengele ya mti shingoni ili wasikike msituni.

"Papa yangu alikuwa na sheria," alisema. "Tukirudi kutoka pori, wanawake wanasalimia watu, hapana mbwa. Mbwa kurudi si habari. Sasa siku moja mama akasema, 'Aa! Na Haraka naye amerudi!' Haraka njo alikuwa mbwa wetu mukubwa. Papa hakungoja hata kukaa. Akamuvua kengele palepale."

"Alikuwa amefanya nini?" Kétsia aliuliza.

"Hakuna kitu alifanya. Papa alisema: muntu akianza kufurahi kwamba mbwa amerudi, moyo wake umekwisha kujua ile mbwa siku moja itabaki pori."

"Akakufa?"

"Akufe? Akanenepa! Alikuwa analala karibu na moto, anakula mifupa ya bure, anatuangalia sisi wote kama wafanyakazi wake."

Walicheka mpaka Kétsia akashikwa na kwikwi. Lévi hakuwa amesikia alichokisema. Mimi nilisikia. Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji ya vyombo, ikabaki humo mpaka maji yakapoa.

Usiku huohuo nilimwota Jumbo. Alitoka msituni kwa miguu, polepole, mabawa ameyakunja, tope mpaka magotini. Alikuja akalala karibu na moto wetu, na pumzi yake ilikuwa ya moto, yenye harufu ya mafuta. Hakulalamika. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyetembea sana: "Ule wimbo wanaimba kwa ajili ya nani?" Niliamka kabla ya kumjibu, na kilichoniamsha ni kile kijiko.

Asubuhi ukungu ulikataa kuondoka. Miti ilisimama ndani yake kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Kétsia alikuwa amekaa juu ya jiwe, amejifunika kitenge changu kingine, na mimi nimeshika mti wangu. Tulimsikia Jumbo mbali, tukampoteza, tukamsikia tena. Kina mama waliacha kuuza. Halafu akatokea, mweupe kutoka ndani ya weupe, akagusa lami, akaruka kidogo, akagusa tena, na wimbo ukapasuka. Nilitazama nyuso. Mama mmoja alikuwa anaimba huku machozi yanamtoka. Hayakuwa machozi ya sherehe. Nilikuwa nimeyaona Kirolirwe, kijiji nilikozaliwa, siku watoto waliopotea vitani waliporudi.

Wakapakia. Lévi alifunga kamba zake, akapanda, akanipungia mkono mlangoni, meno yake meupe. Moteri ya kulia iliwaka. Ya kushoto ilikohoa, ikazimika. Ikakohoa tena, ikatoa moshi mweusi, ikashika. Jumbo akageuka kunitazama, pua yake kwangu, mwisho ule mwingine wa barabara, akitetemeka.

Ukungu ulikuwa umeinuka juu ya lami, na upepo haukuwepo. Kitambaa kilining'inia kimya. Kila kitu kilikuwa sawa kwa kuruka.

Nilikilaza chini.

Nilikilaza katikati ya lami, mbele ya wote, nikakanyaga ncha zake kwa miguu yote miwili. Kule mbali mapanga yakapunguza mwendo, yakasimama.

Mama Kavira alifika wa kwanza, amekaa upande kwenye pikipiki, rozari imezungushwa mkononi.

"Verdiane! Upepo iko wapi?"

"Hakuna upepo, Mama."

"Hakuna? Na kitambaa kinalala chini kwa nini? Kimechoka?"

"Ni miye njo nimekilaza."

Kijana wa pikipiki akacheka. Mama Kavira akamgonga na mwavuli bila kumtazama. "Weye cheka tu. Utakula muhogo bila chumvi mpaka Noeli." Kisha kwangu: "Mwalimu aliniambia hausemi uongo. Hii ni nini sasa?"

"Ni uongo, Mama. Unaweza kunifukuza. Lakini naomba niulize kitu kimoja kwanza. Wakati Jumbo alikuja hapa mara ya kwanza, watu walikuwa wanamwimbia?"

Alikunja uso. "Kumwimbia? Walikuwa wanauliza tu chumvi iko wapi."

"Na sasa wanaimba kwa nini?"

"Kwa sababu wananipenda!" Lakini neno la mwisho lilitoka dogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Commandant Archange na Lévi walikuwa wamefika kwa miguu, wanahema. Mama Kavira aliwageukia.

"Archange. Ile wimbo, wanaimba kwa nini?"

Rubani alitoa kofia, akajikuna kichwa. "Mama, hata miye ninaimba. Ndani kule. Naanzia juu ya Masisi."

"Unaimba nini?"

"Zaburi. Zote ninazozijua. Zamani nilikuwa nawaza brochette ya mbuzi tu, ile ya kuchoma kwenye kijiti, na pili-pili yake."

Lévi alicheka. Katikati ya kicheko akasimama, mdomo wazi, akanitazama. Niliona kwamba sasa ameisikia ile hadithi yake ya mbwa.

"Ungeniambia nyumbani," alisema polepole.

"Ungebaki?"

Aliinama akatazama kitambaa chini ya miguu yangu.

Mama Kavira alikuwa ameketi juu ya jiwe, kando ya Kétsia, kama mtu aliyekuja kuzungumza na mtoto. Alifunga mwavuli wake.

"Munaniona miye muntu mubaya," alisema. "Kila mwaka najisemea: baada ya mvua nitamupumuzisha. Mvua inakwisha, chumvi inakwisha pia. Nasema: juma lijalo. Juma lijalo analetwa mugonjwa kwenye machela. Haya, niambie weye mwenye kusoma. Nikimulalisha leo, mwanamuke mwenye uchungu kama wako siku ile, kesho atapita wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, si kwa swali hilo. Nilimtazama Kétsia, ambaye bila Jumbo hangekuwepo.

"Sijui, Mama," nilisema. "Ninajua tu kwamba siku ile nilipanda Jumbo na hakuna muntu aliniimbia; wote walijua tutafika."

Ndege halisi, wa msituni, alilia mara mbili. Mama Kavira alizungusha rozari kwenye vidole, punje baada ya punje, lakini midomo yake haikutembea.

"Archange," alisema mwishoni. "Kama Jumbo angekuwa wako, ungemupumuzisha lini?"

"Mwaka uliopita."

"Na haukusema!"

"Mama, walikuwa wanapiga makofi."

Mama Kavira alimwinulia mwavuli. Nilidhani atapiga kelele. Alisimama, akakung'uta sketi yake, na sauti yake ilikuwa ya dukani, ya kila siku.

"Mushushe magunia. Yote. Wale jamaa wa ndege ya Bukavu wanatua hapa kila Alhamisi; nitaenda kupiga magoti, wanipe nafasi. Wagonjwa kwanza, mawe mwisho. Na nitatafuta ndege ingine. Nitachelewa, mutanitukana, mutakula bila chumvi. Mutanyamaza."

"Nasi?" Lévi aliuliza. "Tutafanya kazi gani?"

"Weye uko na mabega. Kila Alhamisi utapakia ya wengine, utabaki chini." Akanigeukia. "Na ile ndege mupya, siku watu wataanza kuiimbia, nani ataniambia?"

"Miye, Mama."

"Basi okota kitambaa chako. Kinachafuka."

Tulimsukuma Jumbo nje ya lami kabla ya saa sita. Kina mama wa soko waliacha mabeseni yao wakaja, askari wawili wakaweka silaha begani wakasukuma pia, na kijana wa pikipiki akasukuma kuliko wote. Hakuna aliyeimba. Majani marefu yalimpokea mpaka kwenye mabawa. Ukungu ulikuwa umeondoka, na kwenye ubavu wake jua lilionyesha majina yake yote manne kwa pamoja, moja juu ya jingine, kama mtu anayerudiwa na maisha yake yote anaposinzia. Nilipitisha kiganja kwenye kiraka kimoja. Kilikuwa na joto.

Njiani kurudi nyumbani Lévi alitembea mbele. Tulifuatana hivyo mpaka mtoni. Pale alisimama, akanisubiri, akambeba Kétsia, na kwa mkono uliobaki akachukua ule mti kutoka begani mwangu. "Ni muzito," alisema kwa mshangao. "Sikujua kama ni muzito hivi." Hayo tu. Nami nilijua hasira bado ipo, itakaa siku mbili tatu kama mgeni, kisha itaaga.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mwanga ulipoingia kupitia nyufa za ubao, ulimkuta Lévi bado kitandani, amelala chali, mikono imetupwa huku na huku, amechukua nafasi yote. Sikukumbuka mara ya mwisho kuuona uso wake asubuhi. Ulikuwa na mikunjo ambayo sikuijua, na nilikaa nikiisoma polepole, kama nilivyosoma zamani, kidole chini ya kila herufi.

Kétsia aliamka. Aliketi, akanitazama kwanza mimi, kama kila asubuhi anapotaka kula. Halafu akamwona baba yake. Alitambaa juu ya blanketi, akamwekea kiganja shavuni, akangoja mpaka macho yakafunguka.

"Papa, niko na njaa."