Mshono wa Tumbo la Zimwi

Zimwi lilikuwa limelala chali juu ya meza ya kukatia, na Mama Kiraka alikuwa analishona tumbo. Alilishona jana, akalishona juzi, na kila siku ya onyesho kwa miaka kumi na tisa, maana kila alasiri shujaa hulipasua jukwaani mbele ya watoto, na waliomezwa hutoka wazima, nguo hazina hata kunjo.

"Leo usinibane kiunoni," alisema Kibonge, mwigizaji aliyekuwa akilivaa zimwi hilo. Alikuwa ameketi kitini, miguu ya manyoya ameshaivaa, anatafuna karanga.

"Nani kakubana? Unanenepa mwenyewe, halafu lawama kwa fundi."

"Ni hewa tu hii, mama."

"Hewa ya karanga."

Stoo ya mavazi ilikuwa nyuma ya jukwaa, chumba cha dirisha moja, na wakazi wake wote walining'inia ukutani. Mgeni akiingia mara ya kwanza lazima ashtuke. Mama Kiraka aliwajua kwa maradhi yao. Nguva alipukutika magamba kila alipoketi. Joka la vichwa saba lilikuwa limelegea shingo ya tatu. Jini mwenye kwato za mbuzi alivaliwa na mtu wa jasho jingi, basi harufu yake ilimtangulia. Na yule mwanamke wa theluji, wa hadithi za nchi za baridi, alikuwa mweupe mno, anakula sabuni kuliko wenzake wote. Hakuna hata mmoja aliyemtisha. Kilichomtisha ni macho yake mwenyewe.

Ulikuwa mwaka wa pili sasa yakififia. Ukungu ulianzia pembeni, ukaja katikati. Kila asubuhi muuza magazeti wa langoni alimtungia uzi kwenye sindano kumi, na Mama Kiraka alimwambia kwamba ni kwa ajili ya kuokoa muda. Kazi iliyobaki aliifanya kwa vidole. Hakumwambia mtu. Wakijua, atapelekwa kwa binti yake, mtoto mwema kabisa, ambaye angemkalisha kwenye kochi na kumkataza hata kuosha kikombe. Wazo la kochi lile lilimuuma kuliko giza lenyewe.

Tumbo la zimwi hushonwa kwa bandi, ule mshono wa muda wa nyuzi ndefu zisizo na fundo. Shujaa akivuta ncha iliyo kitovuni, uzi wote unatoka kwa mkupuo mmoja. Sharti lake ni moja tu: sindano isipite katikati ya uzi wenyewe. Ikipita, uzi unajifunga hapo na hauvutiki tena. Fundi mwenye macho hulikwepa hilo bila hata kufikiri.

Karibu na mbavu, vidole vyake vilikuta kitu, kijivimbe kama punje ya mchele. Mkono ukasita. Kibonge alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Ilitosha kumwambia, "Hebu niangalizie hapa." Lakini akiangaliziwa leo, kesho ataulizwa kwa nini haangalii mwenyewe.

"Tayari?" aliuliza Kibonge.

"Tayari," alisema, akashona mpaka mwisho.

Onyesho lilipofika mahali pake, zimwi lilimmeza bibi harusi na kaka yake. Waliingia kwa mlango wa mgongoni, wakachuchumaa ndani ya lile tumbo la pete za waya, wakibanana na Kibonge. Shujaa akalipiga zimwi, zimwi likaanguka chali, na mlango wa mgongoni ukalaliwa. Shujaa akavuta uzi. Ukaja shibiri moja, ukakwama.

Akavuta tena. Watoto wakacheka, wakaanza kumhimiza avute. Upanga wake ulikuwa wa boksi, haukati kitu. Kisha mkono wa zimwi ukapiga sakafu mara mbili, na kila mtu nyuma ya pazia aliijua ishara hiyo: hewa imepungua. Katika safu ya mbele mtoto mmoja akaanza kulia kwamba watu wa ndani watakufa.

Mama Kiraka hakungoja kuitwa. Alitoka na aproni yake, mkasi unaning'inia shingoni, akaingia kwenye mwanga wa jukwaa, na mwanga ule ukamfutia hata kile kidogo alichokuwa anakiona. Akapiga magoti. Akapapasa, kitovu, mbavu, ile punje. Akaikata. Uzi ukatoka wote, na bibi harusi akatoka kichwa kwanza, amelowa jasho, anahema, kaka yake nyuma yake.

"Bibi kamuua zimwi," sauti ya mtoto ilisema, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Stooni hakukuwa na makofi. Zimwi lilirudishwa juu ya meza, tumbo wazi. Mwongozaji wa onyesho alifunga mlango.

"Mama, kulikoni?"

"Sioni," alisema. "Mwaka wa pili sasa. Fundo nililisikia nikiwa hapa mezani, nikanyamaza."

Kibonge alikuwa na taulo begani. Alijifuta jasho. "Tulikuwa watatu mle ndani, mama."

"Najua, baba. Nisamehe."

"Ungeniita tu. Nilikuwa hapo hapo natafuna karanga."

Mwongozaji alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Nitafikiri," alisema, akatoka.

Mama Kiraka akaanza kukusanya vyake: mkasi, futi ya kitambaa, kopo la vifungo. Aliona haya. Aliweka kila kitu kikapuni polepole, kwa kugusa, sasa hakuwa na sababu ya kujifanya anaona.

Kibonge hakuondoka. Alivua kucha za zimwi kwa meno, akachomoa sindano kwenye kifuko cha sindano, akaenda nayo dirishani na kipande cha uzi. Akaulowesha uzi mdomoni, akafumba jicho moja.

"Hivi hili tundu lenyewe liko wapi?"

"Wewe ndiye mwenye macho. Litafute."

Alikosa mara mbili. Mara ya tatu uzi ukapita. Akamnyooshea Mama Kiraka sindano, na kwa kuwa yeye hakuipokea mara moja, akaiweka juu ya tumbo la zimwi lililo wazi. Kisha akavuta kiti chake mpaka mezani, akakaa upande wa mbavu, pale palipokuwa na fundo.