Ngoja Nivae Kwanza

Mwalimu Cephas aliipenda picha ile ya mwanafunzi wake Damaris mara tu ilipofunguka kwenye kompyuta. Mama mmoja ameinama juu ya nyavu za kuanikia omena, dagaa wa ziwani, ufuoni Homa Bay, leso imechakaa, jasho linamdondoka puani, uso umekunjamana kwa jua. Hii, alisema, itakaa ukuta wa mbele siku ya maonyesho. Damaris akileta nyingine kama hiyo, basi ufadhili wa mwaka wa pili ni wake.

Na Damaris aliutaka. Bila huo angerudi Ntimaru kupalilia mahindi. Tena alikuwa amechoka kuwa mmoja wa wanafunzi wanaopiga machweo yaleyale ya ziwa, kila mtu na chungwa lake.

Kesho yake akashuka ufuoni kumwonyesha yule mama picha yake. Jina lake Zilpah. Alifuta mikono, akaishika kamera, akacheka mpaka wenzake wakasogea.

“Nyar Kuria,” akamwambia, maana binti wa Wakuria hapo ufuoni hana jina lingine, “huyu ni mimi, ama ni mtu ananiombea msaada?”

Walicheka, ila kicheko kile kilikuwa na umri. Watu wa huku walisimamishwa juani na wakoloni wenye kofia ngumu, wakapigwa picha kama mifugo ya mnada. Wakaja wenye magari meupe ya misaada: mtoto mwenye kamasi akaitwa mbele, aliyenawa uso akaambiwa akae kando. Picha zikapanda ndege. Hatujaona hata moja ikirudi. Mtu wetu huishi miaka yote bila picha ya maana, halafu akifa ndipo anakuzwa, anatiwa fremu, anatangulizwa mbele ya jeneza lake.

“Ngoja nivae kwanza,” Zilpah akasema, akaenda zake.

Damaris alinuna. Darasani alifundishwa kwamba mtu akijua anapigwa, picha imekufa. Akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akilitazama jua linavyomharibia kazi.

Zilpah akarudi na sare ya akina mama wa kanisa, nyeupe pee, kilemba kimekaa, mkoba mkononi, viatu vya kufunika. Akapita katikati ya nyavu bila kukanyaga hata omena moja, akasimama, akaikazia kamera macho kama anayemtazama mkwe aliyechelewesha ng'ombe wa mahari.

Damaris akabonyeza. Akatazama alichopata. Hakuwahi kuona picha kama ile popote. Kufumba na kufumbua ufuo wote ulikuwa umekimbilia nyumbani kubadilisha nguo, na kunguru wakala omena siku hiyo kama wageni wa harusi.

Wiki iliyofuata akaenda Ogwedhi, soko la mifugo, kwa baba yake mdogo Gisiri. Akamwambia avae anavyotaka. Mzee akatoa koti alilovaa siku aliyooa, kisha akaona haya kusimama amependeza peke yake, akamwosha fahali wake kwa sabuni na kumpaka mafuta pembe hadi zikang'aa.

Mwalimu Cephas alizikunjia uso picha hizo mpya. Haya ni maigizo, alisema, watu hawaaniki omena na mkoba. Achague: ile ya kwanza ukuta wa mbele, au hizi, kwenye kona ya kuelekea chooni.

“Ile ya kwanza mwenyewe ameikataa, mwalimu.”

“Na ufadhili je?”

“Nipe kona.”

Siku ya maonyesho, aliyetaka kwenda haja alilazimika kuomba njia. Watu walijazana pale, wakisoma majina kamili chini ya kila picha, wakibishana viatu vya nani vinang'aa zaidi. Mwalimu Cephas alisimama nyuma yao muda mrefu, mikono mifukoni. Hatimaye akamsogelea Damaris, akamwambia bila kumtazama kwamba mwaka wa pili awaendee wachimba dhahabu wa Migori, na asiwaharakishe wakivaa.

Zilpah alikuwa amefika na kundi lake. Alijitazama, akaridhika, akainua macho ukutani.

“Nyar Kuria, nyathina, mwanangu, njoo. Huyu ng'ombe ni wa nani?”

“Wa baba mdogo, mama.”

“Ameoga vizuri. Lakini kwa nini yuko juu yangu?”

Damaris akaenda kuuliza ngazi iko wapi, amshushe ng'ombe.