Mto wa Kiti cha Trekta

Fundi cherehani alikuwa ameshamtilia shaka kila mtu: tajiri mwenye trekta, polisi, hata jirani aliyekuja kumpa pole na macho makavu. Mumewe alikuwa mahabusu siku ya tatu sasa, na wimbo wake ulikuwa ule ule: "Ni mimi. Nilitoka shambani jioni na tela lisilo na taa, nikamgonga mtu wa pikipiki." Mtu wa pikipiki alikuwa hospitali, hajafumbua macho. Akifa, mume anaozea jela. Sasa mtu gani huyu anakiri mbio mbio kama anagombea zawadi?

Asubuhi hiyo alibeba hotipoti ya chakula, akafuatana na kaka yake mdogo, yule waliyemwita Ngongoti kwa urefu wa miguu. Kufika geti la kituo cha polisi, kaka akagoma.

"Nenda tu, dada. Mimi polisi wananiumiza kichwa."

Ebo! Amelala kwangu siku zote hizi akinifariji, leo ndiyo kichwa?

Trekta lilikuwa uani, tela lake limepinda, mabua ya mahindi yananing'inia. Alilizunguka polepole. Kwenye kiti, mto haukuwepo. Moyo ukamlipuka paa! Mumewe alikuwa mfupi wa kutaniwa. Bila mto ule mgongoni, mguu wake haufiki kwenye klachi. Mkewe aliushona kwa mkono wake, akautia kamba za kuufunga kitini, na mumewe hakuwahi kuufungua hata siku moja. Akainua kifuniko cha sanduku la spana. Mto ulikuwa humo, umekunjwa. Na kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma hadi mwisho.

Mumewe alipouona mto mkononi mwake kupitia nondo za dirisha, aliinamisha kichwa.

"Klachi uliikanyaga na nini, mume wangu?"

Akanong'ona. "Nilikuwa na homa. Ngongoti akaniomba apeleke tripu ya mwisho. Leseni hana."

"Na wewe ukajibebesha?"

"Mama yako ana presha. Akisikia ni mwanawe, tutamzika. Mimi ni mkwe tu, atalia yataisha."

Hasira zilimpanda, na mapenzi yakampanda hapo hapo, asijue aanze na lipi. Jamani, mwanamume mjinga huyu! Alitamani kumzaba kibao na kumkumbatia, na nondo zilimzuia yote mawili.

Akatoka na hotipoti yake, mto kwapani. Ngongoti alikuwa ameegemea ukuta.

"Vipi, shemeji amekula?" Kisha akauona mto. Akaikunja miguu yote ile mirefu, akachuchumaa.

"Dada, mimi..."

"Nyamaza." Machozi yalikuwa yakimtiririka, hakuyafuta. Huyu ni mdogo wake, alikuwa akimbeba mgongoni tangu ananyonya. Akamwinua kwa mkono, akampa hotipoti.

"Ingia kaunta ukaseme. Chakula hiki chako. Mume wangu leo anakula nyumbani."