Mzee wa Daraja la Pavia

Riruta nzima ilikuwa imechoshwa na Pavia. Tangu Zachariah arudi kutoka Italia mwaka wa sabini na mbili, ulimwamkia tu "Habari za asubuhi?" naye akakujibu kwa daraja. Daraja lenye paa, jamani, kama nyumba! Na minara ya matofali, mirefu, isiyo na kazi yoyote. Na chuo kikuu chenye ua ndani ya ua, ambamo kifungua mimba wake, Mungai, alisomea udaktari. Mzee aliuza kipande cha shamba ili akamwone huko, na picha alizorudi nazo zilikuwa zimechakaa kwa kutembezwa kutoka kioski hadi kioski.

"Mungai mwenyewe alinionyesha yote," alikuwa akisema. "Yeye mbele, mimi nyuma, siku tatu nzima!"

Hilo la mbele na nyuma lilikuwa kweli kabisa. Hatua kumi mbele. Wakikutana na wanafunzi wenzake, Mungai aliwaambia neno moja mawili kwa Kitaliano, kisha akaendelea na safari yake bila kugeuka. Zachariah alidhani ndivyo wasomi wanavyotembeza wageni. Mapenzi yalikuwa yamempofusha, maskini.

Basi Ijumaa moja jirani yake Mwanzia akamwita juu ya ua wa michongoma, akitabasamu.

"Kesho mnatoka saa ngapi kwenda Loresho?"

"Loresho kuna nini?"

"Ala! Si mnaenda kuposa? Mwanao anaoa. Kwani hukuambiwa?"

Moyo ulimruka mzee wa watu. Kwa Wakikuyu, baba wa kijana ndiye hubisha hodi kwa wazazi wa msichana. Bila yeye hakuna posa. Bila shaka Mungai aliandika barua ikapotea. Tangu arudi nchini, daktari ana kazi nyingi. Zachariah akapiga pasi koti lake la safari, huku akijizoeza maneno machache tu ya kusema mbele ya wakwe: "Mimi ndimi baba yake."

Jumamosi, huko Loresho, kwenye nyumba aliyoelekezwa na Mwanzia, askari wa lango alimwelekeza mlango wa jikoni. Akaupuuza, akaingia wa mbele. Sebule ilikuwa imejaa wazee, na katika kiti cha baba wa kijana alikaa mtu asiyemjua, mnene, mwenye suti na saa ya dhahabu. Alikuwa akisema, "Mwanangu Mungai ameona ua zuri katika boma hili."

Zachariah akasimama juu ya zulia, kofia mkononi. Mungai alimwona, uso ukamkauka.

"Na huyu ni nani?" akauliza mwenye nyumba.

Kabla Mungai hajafumbua mdomo, dada mmoja aitwaye Nanjala, aliyesoma naye Italia, akacheka kwa furaha.

"Mimi namjua! Mungai, si huyu ni yule boi wenu aliyekubebea mizigo Pavia? Tulimkuta amekaa darajani mchana kutwa, masikini, akikungoja umalize sherehe ya shahada!"

Sherehe? Zachariah alikuwa ameambiwa kwamba shahada hutumwa kwa posta.

Akamtazama mwanawe. Sema, baba, alimwomba kwa macho. Neno moja tu. Msichana anayeposwa pia alikuwa akimtazama Mungai, akingoja.

"Mwanangu..." mzee akaanza.

"Mzee," Mungai akamkatiza, kwa sauti ile laini ya kuongea na wagonjwa, "umefanya vizuri kuja. Nenda jikoni uwasaidie. Wageni bado hawajapata chai."

Laiti angepiga kelele! Mimi ningepiga, mpaka Kangemi wasikie, na suti ile ningeimwagia uji. Lakini Zachariah aliona kwamba neno lake moja lingeivunja posa ile papo hapo, na kijana angebaki na aibu maisha yake yote. Mwana ni mwana, hata akiwa nyoka. Akaiweka kofia kando ya mlango, akaenda jikoni.

Alirudi na birika. Hakumwaga hata tone. Alianza na yule wa suti, kama heshima inavyotaka, akainama.

"Sukari vijiko vingapi, Baba Mungai?"