Uso wa Kokoto

“Usiiangalie sindano, fundi. Angalia ukuta wako.”

Fundi akageuza shingo. Ukuta ulikuwa wake kweli, maana ndiye aliyeupiga plasta miezi miwili iliyopita. Hata sasa, mkono umefungwa mpira na mishipa imetuna, jicho lake lilitafuta kasoro pembeni ya dirisha. Hakuiona. Alipokuja kukumbuka sindano, daktari alishaichomoa, na kichupa cha damu kilikuwa kinaingizwa kwenye mashine ndogo iliyoanza kuzunguka na kuvuma.

“Tayari?”

“Tayari wapi, kaka! Hapo tumechota tu.”

Kwenye kiti cha kando, mkewe alicheka. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, amezoea kupaza sauti kushinda kelele za watoto mia nne, na kicheko chake kilifika hadi mapokezi.

Kazini, fundi walimwita Kokoto. Jina alilipata akiwa na miaka kumi na minane, chunusi zilipomvamia na kuondoka zikiacha mashimo toka mashavuni hadi tayani. Alilipokea kwa tabasamu, akaliitikia, watu wakaamini halimkeri. Lakini kazi aliichagua akijua anachokifanya. Mpiga plasta hushinda ameupa ukuta uso na watu kisogo. Yeye alishinda hivyo miaka ishirini.

Kisha wakampa kazi ya kumalizia chumba hiki, katika kliniki ya ngozi. Wiki nzima aliwaona watu wenye nyuso kama yake wakiingia mlango wa pili na kutoka wekundu, wamechangamka. Siku ya mwisho, fundi akiosha mwiko wake wa plasta, daktari alipita kukagua kazi. Fundi akajikuta ameshasema.

“Samahani, daktari. Dawa yenu ile ni ya akina mama tu?”

“Ni ya mwenye ngozi.”

Akamweleza bila haraka. Sindano ndogo ndogo hutoboa kovu, ngozi ikashtuka na kuanza kujijenga upya. Halafu damu ya mgonjwa mwenyewe huzungushwa mpaka ijitenge, yakachukuliwa yale maji ya njano yenye chembe za kuponya, yakapakwa juu ya vitobo. Mara tatu, kila baada ya mwezi.

“Ila nisikudanganye. Uso wa mtoto mchanga hutaupata. Makovu yatapungua, pengine nusu.”

“Nimekuelewa. Ukuta wa zamani hauwezi kushika plasta mpya mpaka uuchokonoe kwanza.”

Daktari akamtazama. “Miaka yote naeleza jambo hili, hakuna aliyewahi kunifupishia hivyo.”

Kazi ngumu ilikuwa nyumbani. Mkewe aliposikia, aliacha kukunja nguo.

“Miaka kumi na miwili nimekula na uso huo, nimelala na uso huo. Leo unamtengenezea nani?”

“Ninajitengenezea mwenyewe.”

“Hm!”

“Mama watoto, hebu nikuulize. Umewahi kunishika shavu?”

Mke akaishusha nguo aliyoishika. Alikumbuka mkono wake ukidakwa hewani, ukibusiwa, ukitaniwa, kisha ukiwekwa begani. Kila mara begani.

“Nilidhani ni mapenzi,” akasema polepole.

“Ni mapenzi. Na aibu nayo ilijificha humo humo.”

Mke akachukua shati, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. “Hiyo siku unakwenda na nani?”

“Peke yangu.”

“Thubutu!”

Ndiyo maana sasa alikuwa kwenye kile kiti cha kando, mkoba mapajani, akifuatilia kila kitu kama anayesimamia chungu jikoni. Mashine ilinyamaza. Daktari akainua kichupa kwenye mwanga. Chini damu ilikuwa nzito na nyeusi, juu yake yametulia maji ya njano kama mafuta ya alizeti.

“Hiyo imetoka ndani yake?” mke akauliza.

“Yote yake.”

“Na ubishi wote ule, kumbe ndani kuna kitu kizuri hivyo!”

Krimu ya ganzi waliyompaka usoni mapema ilikuwa imeshakolea. Daktari akapitisha kifaa kama kalamu nene, kikikwaruza na kutetema, shavu hili, kisha lile. Karibu na taya, fundi alikunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Hakuruka. Yale maji yalipopakwa, yalikuwa ya baridi, akafumba macho.

Wiki nzima alikatazwa jua na vumbi la saruji. Mafundi wenzake hawakumwacha. “Kokoto kapelekwa kusagwa!” alipiga kelele msimamizi siku aliporudi, na jengo zima likaangua kicheko. Akacheka nao, akashika mwiko. Lakini baada ya raundi ya tatu, msimamizi yule yule alimvuta nyuma ya mifuko ya saruji, akashusha sauti.

“Binti yangu hataki kwenda shule kwa ajili ya chunusi. Hao watu wako... ni waungwana?”

“Waungwana sana. Nitakupeleka mwenyewe.”

Makovu hayakuisha. Yale mapana yalijaa, ya karibu na taya yakabaki, yamepungua kina. Daktari alipoziweka sambamba picha mbili za uso wake, ya kabla na ya baada, fundi alizikagua kwa muda, akaitikia kwa kichwa, ameridhika kama anayekubali kazi ya fundi mwingine.

Jumapili moja alasiri, yeye na mkewe walikuwa wamekaa kwenye kizingiti, wakichambua mchele. Manyunyu yakaanza bila kupiga hodi. Mke akaingiza ungo ndani, akarudi kumwita, akamkuta hajasogea, ameinua uso. Akaketi tena kando yake. Tone moja likateremka shavuni mwa mumewe, likasita kwenye kijishimo kilichobaki. Mke akanyoosha kidole, safari hii hakikudakwa, akakiacha karibu tu na ngozi, akingojea kuona litaelekea upande gani.